Mtoto ana wiki 7, mkojo unanitoka nikiruka: nianze mazoezi gani?

Swali

Shikamoo daktari. Nina watoto wawili. Wa pili ana wiki 7 na ninamnyonyesha. Nilijifungua kwa njia ya kawaida, nikachanika kidogo na kushonwa. Wiki ya 6 nilipimwa, nikaambiwa niko sawa, niendelee na shughuli zangu. Tumbo langu bado linaonekana kama la mimba ya miezi mitano, kwa hiyo nikaanza mazoezi ya kurukaruka na ya kulala chali na kuinuka niliyoyaona kwenye simu. Siku ya tatu damu ikarudi, nyekundu, nikaacha. Nataka kujua nianze tena lini, ni mazoezi gani yanaondoa tumbo, na kama ni kweli mazoezi yanakausha maziwa. Samahani kwa kutaja hili: nikiruka au nikipiga chafya mkojo unanitoka. Mama mmoja aliniambia ndiyo uzazi, nizoee. Nachoka sana, na siku nyingine nalia bila sababu. Mdogo wangu naye amepangiwa kujifungua kwa upasuaji mwezi ujao. Nitampa jibu lako asome.

Jibu

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama. Kazi yangu ni fiziotherapia ya wanawake, kwa hiyo nitakujibu kama mtu anayeshughulika na misuli na viungo, na panapohitaji daktari nitakuambia nenda kwa daktari.

Umeuliza mambo mengi, na moja la mazito zaidi umeliombea radhi ukaliweka karibu na mwisho. Naanza na hilo la mkojo, kwa sababu majibu ya mazoezi yote yanalitegemea.

Kutokwa na mkojo unapopiga chafya, kukohoa, kucheka au kuruka kunampata takriban mama mmoja kati ya watatu baada ya kujifungua. Aliyekuambia uzoee pengine naye aliambiwa hivyohivyo na waliomtangulia. Lakini tatizo halikosi tiba kwa sababu tu limewapata wengi, na hili linatibika. Nimewahudumia wanawake waliotembea na pedi kwa miaka, walioacha kucheka kwa sauti, waliokataa hata kukimbizana na watoto wao, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kwamba tiba yake ya kwanza ni mazoezi ya dakika chache kwa siku. Wewe umeuliza ukiwa na wiki 7. Umeuliza mapema, na hilo linanifurahisha.

Chini kabisa ya kiwiliwili, kati ya mfupa wa kinena mbele na kifandugu nyuma, kumetandazwa misuli inayoitwa sakafu ya nyonga. Ndiyo inayobeba kibofu cha mkojo, mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo, na ndiyo inayosaidia kubana njia ya mkojo na ya haja kubwa. Kwa miezi tisa ilibeba uzito uliokuwa ukiongezeka kila wiki. Kisha mtoto akapita katikati yake. Vielelezo vya kompyuta vinavyoiga uzazi vimeonyesha kwamba sehemu ya ndani kabisa ya misuli hiyo huweza kuvutika hadi zaidi ya mara tatu ya urefu wake wa kawaida. Misuli iliyovutwa kiasi hicho haijawa tayari kwa kazi nzito ndani ya wiki 7, hata kama nyuzi zimekauka na ngozi imefunga vizuri.

Unapopiga chafya, shinikizo ndani ya tumbo hupanda ghafla na kusukuma kibofu kwenda chini. Sakafu ikichelewa kubana, mkojo unapenya. Unaporuka, jambo hilohilo linajirudia kila unapotua. Kunyonyesha nako kunashusha homoni ya estrojeni, na kwa miezi kadhaa tishu za ukeni huwa nyembamba na kavu zaidi. Hilo linaweza kuchangia, na ndilo pia mara nyingi huleta yale maumivu wakati wa tendo la ndoa ambayo wanawake wengi hawayasemi. Vilainishi husaidia, na ikizidi kuna dawa za kupaka ambazo daktari anaweza kukuandikia hata ukiwa unanyonyesha.

Kuhusu kuambiwa uko sawa: vipimo vya wiki ya 6 mara nyingi huangalia shinikizo la damu, kidonda, hali ya mji wa mimba na uzazi wa mpango. Ni mara chache mtu hupima nguvu ya sakafu ya nyonga. Ulipimwa ukakutwa salama katika yale yaliyopimwa.

Sasa zoezi lenyewe. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alilieleza kwenye maandishi yake ya mwaka 1948, ndiyo maana wengi huliita kwa jina lake. Lala chali au ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa. Vuta pumzi taratibu, acha tumbo na mbavu zipanuke. Unapotoa pumzi, bana njia ya haja kubwa jinsi unavyozuia upepo usikutoke mbele za watu, peleka mbano huo mbele hadi kwenye njia ya mkojo, kisha vuta vyote kwenda juu, ndani ya mwili. Shikilia kwa sekunde 6 hadi 8 huku ukiendelea kupumua. Kama sekunde 6 ni nyingi, anza na 3. Halafu achia kabisa, na upumzike kwa muda uleule kabla ya kubana tena. Fanya mara 8 hadi 12, na urudie mara tatu kwa siku. Ukimaliza kila awamu, ongeza mibano 10 ya harakaharaka, bana-achia, kwa sababu chafya haikupi muda wa kujiandaa.

Wengi wanaoniambia "nimefanya na haikusaidia" nikiwapima nakuta wanafanya kitu kingine. Wapo wanaozuia pumzi. Wapo wanaokaza makalio na mapaja, sakafu yenyewe imelala. Na wapo wanaosukuma chini badala ya kuvuta juu, jambo linalozidisha tatizo. Njia ya kujikagua ni rahisi: nawa mikono vizuri, ingiza ncha ya kidole ukeni, kisha bana. Ukihisi kidole kinabanwa na kuvutwa ndani, umepatia. Kikisukumwa nje, acha na uanze upya kwa nguvu ndogo zaidi. Na usifanye mazoezi kwa kukatiza mkojo ukiwa chooni. Mara moja ya kuitambua misuli haina neno, lakini ukiifanya tabia unaweza kuzuia kibofu kumalizika vizuri.

Ukishaipata, itumie kazini: bana *kabla* ya kupiga chafya, kabla ya kukohoa, kabla ya kumwinua mtoto. Hilo peke yake huwapunguzia wanawake wengi uvujaji ndani ya wiki chache. Kwa tiba kamili ujipe miezi mitatu ya kufanya kila siku; ndicho kipindi cha chini ambacho miongozo ya afya ya Uingereza inakitaka kabla ya kusema zoezi limeshindwa. Angalia pia haja kubwa, kwa maana kujikamua kwa sababu ya choo kigumu kunaharibu kila siku kile unachokijenga. Kunywa maji, kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, na ukiwa chooni inua miguu juu ya kistuli kidogo ili magoti yawe juu ya nyonga.

Kuna hali ambazo hazisubiri miezi mitatu. Kama unahisi uzito ukeni kana kwamba kitu kinashuka, au unaona uvimbe unachomoza, au unashindwa kuzuia upepo au choo, au msamba bado unakuuma unapokaa, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga au daktari wa wanawake wiki hii.

Twende kwenye damu. Kondo la nyuma linapobanduka huacha ndani ya mji wa mimba kidonda kipana kama kiganja cha mkono. Mji wenyewe una uzito wa karibu kilo moja mara tu baada ya uzazi, na hujikaza hadi kufikia gramu 100 au chini yake ndani ya wiki 6 hivi. Damu ya uzazi hutoka katika kipindi hicho: nyekundu siku za mwanzo, kisha ya kahawia, kisha majimaji meupe au ya manjano. Kwa kawaida huisha kati ya wiki ya 4 na ya 6. Damu iliyokuwa imepauka ikirudi kuwa nyekundu baada ya kujituma, mara nyingi mwili unakuambia umeenda kasi kuliko unavyopona. Ulifanya vyema kuacha. Inawezekana pia kuwa ni hedhi imerudi, maana kunyonyesha hakumzuilii kila mama. Ikiwa ilikoma ndani ya siku moja au mbili ulipopumzika, itumie kama kipimo chako: ukiongeza mazoezi na damu ikarudi, rudi nyuma hatua moja. Ikiwa inaendelea hadi leo, nenda ukapimwe, kwa sababu wakati mwingine vipande vya kondo hubaki ndani. Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mabonge makubwa, harufu mbaya au homa ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Halafu tumbo, ambalo najua ndilo lililokufanya uandike. Mimba ilipokua, ile misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena iliachana katikati, na utepe unaoiunganisha ukatanuka na kulegea. Hilo humpata karibu kila mjamzito wa miezi ya mwisho. Baada ya uzazi hurudi polepole mno kuliko picha za mitandaoni zinavyoonyesha. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuata wanawake waliojifungua mtoto wa kwanza: wiki ya 6 baada ya kujifungua asilimia 60 walikuwa bado na mwachano, miezi 6 asilimia 45, na baada ya mwaka mzima karibu theluthi moja. Wenye mwachano hawakuwa na maumivu zaidi ya mgongo kuliko wasio nao. Wewe uko wiki ya 7, na mimba ni ya pili. Tumbo lako halijachelewa.

Ukitaka kujipima, lala chali magoti yamekunjwa, weka vidole kwa upana juu ya kitovu, kisha inua kichwa na mabega kidogo. Utahisi kingo mbili za misuli. Nafasi ya zaidi ya vidole viwili ndiyo kwa kawaida huitwa mwachano. Mimi huangalia zaidi jambo jingine: je, chini ya vidole panakaza, au panazama? Na tumbo linabaki bapa, au linachomoza katikati kama kigongo? Kama linachomoza, zoezi hilo bado ni zito kwako kwa sasa.

Ndiyo maana nakuomba uweke kando kwanza yale ya kulala chali na kuinuka. Utayarudia baadaye ukipenda. Kwa sasa yanapandisha shinikizo tumboni na kulisukuma kwenye sakafu ambayo tayari inavuja. Badala yake, lala chali magoti yakiwa yamekunjwa, toa pumzi, bana sakafu, na uingize ndani sehemu ya chini ya tumbo, ile iliyo chini ya kitovu, polepole bila kubonyeza mgongo. Ukiweza hilo kwa utulivu, ongeza kutelezesha kisigino kimoja mbele na kukirudisha, mguu kwa mguu. Kisha kuinua makalio kutoka sakafuni na kuyashusha. Katika kila harakati pumzi inatoka wakati wa juhudi. Ukijikuta umezuia pumzi, zoezi limekuzidi.

Hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya tumbo peke yake. Mazoezi haya yanarudisha nguvu ya ukuta wa tumbo. Mafuta hupungua mwili mzima, kwa utaratibu wake. Mkanda wa tumbo unaweza kukupa nafuu ya mgongo unapotembea, lakini hauunganishi misuli, na ukifungwa kwa nguvu sana unasukuma kila kitu chini, kulekule tunakokuhangaikia.

Kwa moyo, mapafu na usingizi, anza na kutembea. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mama aliyejifungua, asipokuwa na kizuizi cha kiafya, afikie angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli. Mwongozo wa Kanada wa mwaka 2025, ulioandikwa mahususi kwa mwaka wa kwanza baada ya uzazi, unataja dakika 120 zilizogawanywa katika siku nne au zaidi, na unasisitiza mazoezi ya sakafu ya nyonga kila siku. Hizo ni shabaha za kufikia kidogokidogo. Wewe anza na dakika 10 kwa siku, mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Baada ya siku chache, kama hakuna damu wala uzito ukeni, fanya 15. Siku ambayo mtoto hakukulaza, zigawe: dakika 5 asubuhi, 5 mchana, 5 jioni. Mwili unazihesabu zote.

Siku mbili au tatu za wiki ongeza nguvu: kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu mara 10, kusukuma ukuta kwa mikono mara 10, kuinua visigino ukiwa umesimama mara 10. Nachagua hizi kwa sababu zinafanana na kazi unayoifanya mchana kutwa. Kumbeba mtoto ni kunyanyua uzito, tena uzito unaoongezeka kila wiki, na mama wengi wanaokuja kwangu na mgongo na viganja vinavyouma hawakuumia kwenye mazoezi, waliumia kwenye kunyonyesha na kubeba. Mlete mtoto kwenye titi kwa kuweka mto chini yake, usimwinamie. Unapomwinua, pitisha viganja chini ya mwili wake badala ya kumkamata kwapani huku vidole gumba vimetanuka. Maumivu ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba kwa mama mwenye mtoto mchanga mara nyingi hutokana na hapo. Na badilisha nyonga unayombebea.

Sababu nyingine ya kutembea ni damu kuganda. Hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huwa kubwa katika wiki 6 za kwanza baada ya uzazi na hushuka taratibu hadi wiki ya 12. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu la mguu, au ukabanwa na pumzi ghafla, usiuchue wala usiunyooshe. Nenda hospitali. Vivyo hivyo kwa kichwa kinachouma vikali, macho kuona nyota au ukungu, na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, kwani kifafa cha mimba kinaweza kujitokeza hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Maziwa hayatakauka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 uliwachukua wanawake waliokuwa wakinyonyesha, wiki 6 hadi 8 baada ya kujifungua, wengine wakafanya mazoezi dakika 45, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 12. Kiasi cha maziwa, ubora wake na ukuaji wa watoto haukutofautiana na wa akina mama wasiofanya mazoezi. Mwaka 2000 utafiti mwingine ulionyesha kwamba mama mwenye uzito uliozidi anaweza kupunguza takriban nusu kilo kwa wiki kwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi, na mtoto akaendelea kukua vizuri. Kinachoyumbisha maziwa ni kujinyima chakula kupita kiasi na kutomnyonyesha mtoto mara kwa mara. Kunyonyesha pekee kunatumia karibu kalori 500 kwa siku, kwa hiyo kula. Mnyonyeshe kabla ya mazoezi ili matiti yasijae, vaa sidiria inayoshika vizuri, kunywa maji kadiri ya kiu yako.

Sasa kulia. Hapa nataka usome polepole.

Machozi na hisia zinazopanda na kushuka huwapata akina mama wengi kuanzia siku ya tatu hadi ya tano baada ya kujifungua, na huisha zenyewe ndani ya wiki mbili. Wewe uko wiki ya 7. Kulia bila sababu katika kipindi hiki, pamoja na uchovu mzito, kunahitaji kuangaliwa kama huenda ni sonona ya baada ya uzazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hufika karibu asilimia 20. Haitokani na udhaifu wala na kutompenda mtoto. Kuna dodoso fupi la maswali 10, lililotungwa Edinburgh na kutolewa mwaka 1987, linalouliza umejisikiaje katika siku 7 zilizopita. Mkunga au daktari anaweza kukupitisha ndani ya dakika chache. Mwombe. Mwambie neno kwa neno ulivyoniandikia.

Mazoezi yanasaidia hapa, na nasema hivyo kwa uhakika: tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mama anayefanya mazoezi ya wastani baada ya uzazi hupata nafuu ya dalili za sonona. Kutembea nje kwenye mwanga wa mchana na mtu wa kuongea naye kunaongeza faida. Lakini mazoezi husimama pamoja na ushauri nasaha na dawa pale zinapohitajika, hayachukui nafasi yake, na zipo dawa zinazotumika kwa usalama ukiwa unanyonyesha. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukianza kusikia sauti na kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi akupeleke hospitali, na usibaki peke yako.

Uchovu wako nao usiuhesabu wote kuwa ni kukosa usingizi. Omba wapime wingi wa damu, kwa sababu ulitokwa na damu wakati wa uzazi na huenda ulishaanza na akiba ndogo ya madini ya chuma. Mama mwenye upungufu wa damu akijilazimisha mazoezi anazidi kuisha nguvu. Wakiona inafaa waangalie pia tezi ya thairoidi, ambayo kwa baadhi ya wanawake huvurugika katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua na kuleta uchovu na huzuni inayofanana na sonona. Na siku utakayochagua kati ya kutembea na kulala wakati mtoto amelala, lala.

Kuruka utakurudia. Wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza, kwenye mwongozo wao wa mwaka 2019, wanashauri mama asirudi kwenye kukimbia na mazoezi ya kurukaruka kabla ya miezi mitatu tangu kujifungua, na hata hapo iwe hana uvujaji, uzito ukeni wala maumivu. Kwa hiyo ukifika wiki ya 12, jipime: tembea dakika 30, simama kwa mguu mmoja sekunde 10 kila upande, chuchumaa kidogo kwa mguu mmoja mara 10, kimbia palepale ulipo dakika 1, ruka kwa mguu mmoja mara 10. Ukivuja au ukahisi uzito katika hatua yoyote, endelea na kutembea na sakafu kwa wiki kadhaa kisha ujaribu tena. Wapo wanaofika mwezi wa tano au wa sita. Hakuna aliyekuwekea tarehe.

Kwa mdogo wako: asidhani upasuaji umemwokoa na haya. Ujauzito wenyewe umeshailemea sakafu ya nyonga, kwa hiyo mazoezi ya kubana anaweza kuyaanza hata sasa kabla ya kujifungua, na kuyaendeleza mpira wa mkojo ukishatolewa. Siku ya kwanza atasaidiwa kukaa na kusimama. Akubali, hata kama inauma, na aombe dawa ya maumivu ili aweze kutembea. Anapotoka kitandani ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mikono. Anapokohoa au kucheka, akumbatie mto tumboni. Kwa wiki 6 asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Ule utando mgumu unaoshikilia ukuta wa tumbo, wiki ya 6 unakuwa umerudisha nusu tu au zaidi kidogo ya nguvu yake, na huchukua miezi 6 au 7 kuikaribia ile ya awali, hata kama kovu la nje linaonekana limepona kabisa. Mazoezi yanayozidi kutembea na yale mepesi ya pumzi ayaanze baada ya kuzungumza na aliyemfanyia upasuaji. Kidonda kikiwa chekundu, kikatoa usaha, kikafunguka au akapata homa, asisubiri tarehe ya kliniki, arudi siku hiyohiyo.